Jasho la Shemeji Kivulini

Tuwekeane dau: hakuna atakayeamini kwamba mimi, mbeba makabati hodari kuliko wote mjini, nilimpeleleza shemeji yangu kama askari kanzu.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Tunamwita Winchi, maana friji lililowashinda watu watatu yeye alikuwa analipandisha ghorofani huku anapiga mluzi. Kazi yetu kuhamisha watu nyumba.

Sasa Winchi akaanza kuchoka. Ghorofa ya pili tu, "Tua kwanza, shem." Kilichonichezesha machale zaidi: amekaa kivulini, hafanyi lolote, ghafla jasho linammwagika, anajipepea na kipande cha boksi.

"Shem, nguvu unazipeleka wapi?"

"Uzee."

"Uzee umekuja na pikipiki? Juzijuzi si ulikuwa unabeba sofa na mimi nimekaa juu!"

Hakucheka. Mtu asiyecheka utani wangu ana lake jambo. Nikajua ana nyumba ndogo. Bosi alipouliza mbona tunachelewa, mdomo huu ukaropoka: "Muulize Winchi anakolala." Bosi akasema atatafuta mtu mwingine.

Siku moja Winchi akaaga mapema. Nikamfuata, najibanza nyuma ya malori. Akaingia kliniki. Aha, kumbe ni nesi! Nikamvizia kwenye benchi la nje. Akatoka anachechemea, kashika kiuno.

"Anaitwa nani?" nikamvaa.

"Nani?"

"Huyo anayekumaliza nguvu!"

Akakaa taratibu. "Saratani ya tezi dume. Wananichoma sindano ya kuzima homoni za kiume, maana ndizo zinazoulisha ugonjwa. Na ndizo hizohizo zinazojenga misuli. Zikizimwa, misuli inanywea, unachoka upesi. Hilo jasho nalo ni sindano. Dada yako anajua."

"Na mimi je?"

"Kwa mdomo huo? Na bosi akisikia, kazi sina. Daktari kasema nisiache kubeba, nipunguze tu, misuli isiishe yote."

Utani wote ukaniishia. Nikaenda kwa bosi moja kwa moja.

"Bosi, usilete mtu. Yale ya Winchi niliyatunga."

"Na kabati likimshinda kwenye ngazi?"

"Nitashika chini mimi, pale anaposhika yeye."

Akanikagua kama noti ya bandia. "Wewe? Chini? Haya, nitakuja kuona."

Kesho yake kabati la milango mitatu, ghorofa ya tatu. Winchi juu, mimi chini, bosi nyuma yetu kakunja mikono. Kila kona tukapumzika, na kila mara aliyeomba ni mimi. Tulipotua, bosi akatutazama mmoja mmoja. "Endeleeni hivyohivyo," akasema, akaondoka.

Baadaye Winchi mwenyewe alimweleza bosi ugonjwa wake, ndiyo maana nasimulia.

Miaka yote nimetangaza kwamba anayeshika juu, yule anayepanda kinyumenyume, ndiye mwenye kazi ngumu. Nilikosea.