Pete Kwenye Pindo la Kitenge

Miaka ishirini Chileshe alifanya mazingaombwe kwenye harusi za mtaa wa Kampemba. Aliazima pete ya bibi harusi, akaipoteza mbele ya macho ya wageni, kisha akaitoa ndani ya mkate mezani. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele.

Halafu ikaja ile filamu ya wanamazingaombwe wanaoiba benki huku watazamaji wakiwapigia makofi. Ilizunguka kwenye kila simu mtaani. Tangu hapo hakuna bibi harusi aliyemwazima pete.

"Eh, Papa Chileshe, tulisha kukujua!" wageni walimwambia wakicheka, mikono mifukoni.

Wajinga wakubwa! Malori ya shaba yanapita kila siku kwenda mpakani, hakuna anayeuliza shaba inapotelea wapi. Pete moja ndiyo inawatoa jasho.

Jumapili, padri alipowaambia waumini wapeane amani, Chileshe aliwaona majirani wakivua saa kabla ya kumshika mkono. Akawapa kisogo, akamgeukia mke wake, Mwenya. Angalau huyu. Mwenya akampa mkono, akatabasamu.

Kidole chake kilikuwa kitupu. Pete alikuwa ameifunga fundo kwenye pindo la kitenge chake.