Tangi Lililojaa Daftarini

Dada yangu anasomea udaktari usiotibu hata mafua. Mwenyewe husema ni hesabu za kuamua leo wakati kesho huijui. Kwetu mtaani Shika Adabu mfano ulikuwa uani: tangi moja, nyumba nne, na maji ya mfereji yanayokuja siku yakijisikia. Kompyuta yake ilitakiwa iseme tuwafungulie majirani kwa saa ngapi kila siku, tusikaukiwe kabla maji hayajarudi. Sura ya mwisho ya utafiti wake yote ilikuwa humo tangini.

Yeye yuko chuoni, mimi shuleni, kwa hiyo mwenye kutumbukiza ufito tangini mchana kupima maji alikuwa Bibi. Jioni namuuliza, "Bibi, maji yalifika wapi?"

"Yapo, alhamdulillahi."

Bibi hasemi kitu kimekwisha. Gesi izimike chapati ikiwa kaangoni, atakwambia ipo kidogo. Kwake, kuutaja ukosefu ni kuukaribisha na kuutandikia mkeka. Nami, kwa uvivu wangu, kila "yapo" niliiandika robo tatu kwenye daftari la vipimo, nikamtumia dada.

Kompyuta ikaamini. Ikaona tangi la miujiza, ikasema fungulieni kutwa. Ijumaa dada amekuja kututembelea, tangi likakauka. Ami, ndugu ya baba na mwenye tangi, alikuwa bafuni anajitayarisha kwenda msikitini. Akatoka na shuka kiunoni, povu kichwani.

"Miaka yote hiyo anasomea kufungua bomba! Lete daftari. Tangi langu si maabara, mchezo umekwisha!"

Dada alilishika daftari kifuani. Bila tangi hana sura, bila sura hana shahada.

"Ami, hesabu zake hazina kosa," nikasema. "Mimi ndiye niliyezilisha uongo. Hata daktari wa kweli, ukimwambia goti na kinachouma ni jino, atakukanda goti."

"Ewe! Wamwita bibi yako muongo?"

"Bibi ni mstaarabu. Muongo ni mie."

Nikalichukua daftari, nikaandika sifuri kubwa kama sahani ya pilau.

"Futa! Nyumba hii haiandikwi ukosefu. Watu wa chuo watatusoma!"

"Watusome. Sifuti."

"Futa, nasema!"

"Sifuti, Ami. Wallahi sifuti." Povu lilikuwa limemfika kwenye nyusi. Nilijitahidi nisicheke, nikashindwa.

Bibi akatoka jikoni, akaitazama ile sifuri kama mgeni asiyemtaka.

"Na Jumanne," akasema polepole. "Jumanne hayakuwapo, mpaka mfereji ulipotoa usiku. Jumatatu yalikuwa chini ya kiganja."

"Mama!" Ami akalalamika.

"Wewe kajisuze kwa jirani, mwanangu. Wao wanayo, si tuliwafungulia kutwa?"

Ami akaenda, ameshika shuka. Dada akaketi sakafuni miguuni pa Bibi, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kukata robo tatu zangu, moja baada ya moja.