Kabla ya Mto

Wiki iliyopita mhariri alinirudishia muswada wa riwaya yangu. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika: "Tueleze kwanza hawa ni akina nani na wametoka wapi." Niliudhika, kisha nikajiona mtoto tena kule Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi nchini Tanzania, nyuma ya nyumba yetu, mikono ikinuka mihogo iliyolowekwa.

Mama na jirani yetu, Mama Yosefina, walikuwa wakimenya mihogo hiyo na kukumbushana safari yao ya kutoka Burundi.

"Basi, tulipofika mtoni," mama alianza.

"Mto gani?" nikauliza. "Mlikuwa na nani?"

"Huyu naye! Mdomo kama redio," jirani akacheka.

Mama akaendelea na mtumbwi uliokuwa ukivuja. Kila aliposimulia alianzia hapo hapo mtoni, nami niliamini ananinyima mwanzo kwa sababu sijui kutulia. Alasiri ile hasira ilinishinda. Nikautupa muhogo kwenye beseni, maji yenye uchachu yakamrukia usoni.

"Kwa nini huanzi mwanzo, mama?"

Nilisubiri kofi. Yeye akajifuta kwa ncha ya kitenge, akasema polepole, "Kabla ya mto tulikuwa saba."

Jirani akaacha kumenya. Pale Mishamo mama hakuwa na ndugu hata mmoja, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nikamsogelea kwa furaha, nikidhani hadithi ndiyo kwanza inaanza.