Ufunguo Wenye Utepe Mwekundu

Haya, Halima, cheka umalize, maana ni wewe umeuliza mbele ya watu kama bado niko na ile nyumba ya likizo. Niko nayo. Aibu ile nilijaribu kuificha (kana kwamba Isiolo kuna kitu hufichika), lakini afadhali mwisikie kwa mdomo wangu kuliko kwa wale wanaotia chumvi pale sokoni.

Mnajua mimi ni mama wa maziwa ya ngamia. Nimeuza maziwa miaka mingi, nikaweka akiba, na badala ya kununua ploti kama watu wenye akili zao, nikanunua kanyumba kazuri nje ya mji, upande wa mbugani, kwa mpango huu: unanunua, jina ni lako, halafu kampuni iliyokuuzia inaikodi kutoka kwako, inaweka watalii, na kila mwezi wewe unatumiwa kodi kwa simu. Kodi inaingia, sitawasingizia. Na kwa mwaka una wiki mbili za kulala humo wewe mwenyewe, bora tu upige simu mapema. Siku ya kunikabidhi walinipa ufunguo mkubwa wa rangi ya dhahabu, umefungwa utepe mwekundu, nikapigwa picha nao. Wallahi nilitembea nao kwa mkoba kila mahali, hata nikitafuta chenji lazima nitoe ufunguo kwanza watu wauone.

Sasa, binti yangu Nuria akapata mchumba, Guyo, kijana wa Garbatulla. Mama yake akanipigia kwamba anakuja na shangazi wawili wa kijana, wanaleta buna. Na buna ikija hivyo si kahawa ya kunywa tu, zile punje hukaangwa kwa samli juu ya moto wa mama wa msichana, mkitafuna pamoja ndipo maneno ya ndoa yafunguke, na isipokaangwa hakuna neno. Na Nuria alimpenda huyo kijana mpaka akawa anasahau kutia chumvi kwa mboga.

Nikatazama sebule ya nyumba ninayoishi, mtaa wa Kiwanjani. Mitungi ya maziwa imefika karibu na runinga, viti vimechoka, ule moshi tunaofukizia vyombo vya maziwa umeingia mpaka kwa mapazia. Nikaona haya. Nikamwambia Mama Guyo, kwa sauti ya mwenye mali, "Mkwe, msije Kiwanjani. Nitawapokea kwa nyumba yangu ya likizo."

Nuria akasema, "Mama, piga simu kwanza, huenda wana wageni."

"Nipige simu niombe ruhusa ya kuingia kwangu? Wewe nani amekuzaa?" Hapo ndipo niliharibu, hapo tu.

Tukaenda na gari la kukodi, wageni wangu nyuma, mimi mbele na jiko la makaa, sufuria, thamosi ya chai na mtungi wa maziwa. Askari wa geti akauliza, "Mama, uko na booking?"

"Booking ya nini? Mimi ndiye mwenye nyumba!" Nikamtolea ufunguo. Sijui kama ni utepe ulimtisha au ni sauti yangu, akafungua. Nikamsikia Mama Guyo akiwanong'oneza wale shangazi, "Mnaona?" Nikanenepa palepale.

Mlangoni nikasimama kando kidogo ili waone vizuri, nikatafuta tundu la ufunguo. Hakuna tundu. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, nikapapasa ule mlango kama mtu anayetafuta kupe kwa mbuzi (mlango wenyewe kumbe hufunguliwa kwa kadi, na ule ufunguo ulikuwa wa picha tu), mara ukafunguka kutoka ndani, na hapo amesimama bwana mnene wa Nairobi, taulo kiunoni, mswaki mdomoni. Akatazama thamosi, akatazama sufuria, akanitazama mimi.

"Aah, chai imefika! Asante, mama. Weka hapo mezani, na utuongezee taulo mbili."

Taulo mbili! Kwa nyumba yangu! Na mimi, mwenye mdomo huu mnaoujua, mdomo uliogombana na madalali wa Isiolo nzima, nikasema, "Sawa." Nikaingia, nikaweka thamosi mezani (sijaiona tena mpaka leo), nikatoka. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Guyo, taratibu kabisa: "Mama Nuria, ukimaliza kazi hapa, utatupeleka kwako?"

Meneja akaja mbio, kijana wa heshima. Akasema nyumba ni yangu, hakuna anayebisha, lakini wiki hiyo ina wageni, na jiko la makaa haliruhusiwi humo siku yoyote. Shangazi mmoja akafunga vizuri kitambaa chenye buna. "Basi turudi Garbatulla. Buna haikaangwi barabarani."

Nikamkumbuka Nuria, niliyemwacha nyumbani. Nikaona uso wake kama yuko mbele yangu, na kiburi chote kikaisha. Nikasema, "Mkwe, nisamehe. Niliionea haya nyumba yangu ya Kiwanjani. Inanuka maziwa."

Mama Guyo akaingia kwa gari. "Twende huko kunakonuka."

Nuria tulimkuta amewasha moto, ananijua mama yake. Mama Guyo akaingia, akavuta pumzi, akakaa kwa kile kiti kibovu kabisa, karibu na mitungi. "Huku ndiko ulikuwa unatuficha? Mtoto aliyelelewa kwa harufu hii hajalala njaa hata siku moja. Lete samli." Buna ikapasuka kwa sufuria, tukatafuna, nikalia, nikasema ni moshi.

Siku hizi Nuria ni mke wa watu huko Garbatulla, na mimi nimeapa sitakaribisha tena mgeni mahali ambapo mimi mwenyewe lazima niombe kuingia. Juzi nilienda kumwona. Nikabisha hodi, nikatoa salaam aleikum, na kutoka ndani Mama Guyo akajibu, "Aleikum salaam. Uko na booking?"

Nikamwambia, "Sina, mkwe. Lakini nimewaletea taulo mbili."