Kiestonia Nimeimba, Kigweno Sikijui

Mimi na jirani yangu Mwestonia tulijuana kwa sababu ya maharage. Nilikuwa nimeyabandika jikoni, nayasubiri, naimba. Kwenye majengo yetu haya ya Guangzhou dirisha la jiko la huku linatazamana na la kule, ukikohoa tu jirani anakupa pole. Mara nikasikia hodi. Nafungua, mwanamke wa makamo, mrefu, uso haucheki. Nikajua amekuja kulalamikia kelele, nikajiandaa kumjibu, maana mdomo ninao, sikatai. Kumbe alitaka kuniuliza nimejifunzia wapi kuimba sauti ya pili.

Nikamwambia, kanisani, Dar es Salaam, kwaya ya Kilutheri. Mwalimu wetu alikuwa akiandika do re mi ubaoni kwa chaki, na ukikosea anakusimamisha uimbe peke yako mbele ya wanaume wa besi mpaka ukome. Hapo akacheka. Alisema hata kwao ni Walutheri, ila siku hizi wengi kanisani hawaendi, wamebaki na kuimba. Yeye anafundisha watoto wa Kichina piano. Mimi nawanunulia mizigo wateja wa Kariakoo: asubuhi soko la Shahe, mchana maduka ya Guangyuan Xilu, jioni kugombana na wakala wa meli wa bandari ya Huangpu. Tukazoeana hivyohivyo, kwa Kiingereza cha kuungaunga, huyu dirishani kwake na huyu kwake.

Ndipo akanisimulia habari za kwao. Estonia ni nchi ndogo, kaskazini huko kwenye baridi, watu wake wote ukiwakusanya hawaifikii nusu ya Dar. Kila baada ya miaka kadhaa wanakutana uwanjani, kwaya kutoka kila upande wa nchi, wanaimba mvua inyeshe jua liwake. Walitawaliwa miaka na miaka na wenye nguvu, wakakatazwa hili na lile, wao wakaendelea kuimba kwa lugha yao, na nchi yao wakaja kuipata huku wanaimba. Sasa Waestonia wa Guangzhou ambao hawakuweza kusafiri walikuwa wameamua kukodi ukumbi siku hiyohiyo ya tamasha, wafungue matangazo kwenye skrini, waimbe pamoja na wenzao walioko nyumbani. Shida ilikuwa moja. Sauti ya pili ilikuwa na watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa anakohoa.

"Njoo utusaidie," akasema.

"Kwa lugha gani?"

"Yetu."

Thubutu! Nilicheka mpaka nikashika meza. Lakini nilikubali, na sababu haikuwa wema. Nilikuwa natafuta mahali pa kukaa jioni nisiitazame simu.

Mama alikuwa anaumwa. Alianguka bafuni mwanzoni mwa mwaka, na tangu siku ile kichwa chake kikaanza kumwacha. Kwanza yalipotea majina. Halafu siku. Halafu Kiswahili kikamtoka, na daktari alisema wazee huwatokea hivyo, wanarudi kwenye lugha ya kwanza. Asubuhi moja mdogo wangu, ambaye ndiye anakaa naye Tabata, alimwamkia shikamoo, mama akamtazama tu. Kilichobaki mdomoni mwake ni Kigweno, lugha ya kijijini kwao, milimani Upareni. Sisi wanawe hatukijui. Baba alikuwa Mnyamwezi wa reli. Walikutana Dar, wakapendana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakatulea kwa Kiswahili. Kilugha cha mama kwetu kilikuwa jambo la utani. Baba alizoea kusema Mpare hata akienda msibani anabania machozi, mama anamrushia kitambaa cha mezani, nasi tunacheka. Ndugu zake wakija kutoka kijijini, wakianza kuongea kikwao, baba anagonga meza: "Hapa ni lugha ya taifa!" Alikuwa anatania. Mama alinyamaza kweli.

Sasa kulikuwa na sentensi moja mama anairudia. Akiamka, akilishwa uji, akigeuzwa kitandani. Sentensi ileile, amemkazia mdogo wangu macho, na mdogo wangu hajui anaombwa nini. Ni maji? Ni maumivu? Anataka mchungaji? Aliita majirani Wapare, wakaja, wakasikiliza, wakatikisa vichwa. Hiki si Kipare chetu, wakasema, hiki ni Kigweno, na Wagweno wenyewe wamebaki wazee. Alinirekodia akanitumia. Niliisikiliza stoo, nimekaa juu ya marobota, mpaka nikaweza kuitamka yote mwanzo hadi mwisho, na maana yake sikuwa nayo. Mtu wa kututafsiria alikuwa mama mdogo, aliyekulia kitanda kimoja na mama, lakini kule mlimani kwake mtandao unakatika katikati ya neno. Tukakubaliana atateremka kwa basi akimaliza kuvuna maharage. Mimi nisingeweza kwenda. Pasi yangu ilikuwa kwa watu wa viza, inasubiri kuongezewa muda, na bila pasi hata geti la uwanja wa ndege huliingii.

Basi nikawa naenda kwenye mazoezi. Jamani, Kiestonia si kigumu kama nilivyodhani. Kinaandikwa kinavyotamkwa, nilikisoma kama ninavyosoma Kiswahili, isipokuwa ile o yao moja ya kukaba koo. Jirani alinieleza kila wimbo unasema nini, huu wa mavuno, huu wa dhoruba, huu wa kuipenda nchi. Baada ya wiki chache nilikuwa nimeshika nyimbo zao karibu zote, kichwani, bila karatasi. Wenzangu walinipigia makofi. Nikarudi nyumbani nimefura kwa sifa, nikavua viatu, nikakaa kitandani, na palepale ikanijia: mwezi huu mmoja nimejifunza lugha ya watu nisiowajua, na ya mama yangu nimeishi nayo maisha yangu yote sijui hata kuomba maji. Nilijisikia vibaya sana. Sikula.

Nilimtolea jirani hasira zangu kesho yake. Yeye, masikini, aliniuliza tu: ninyi kwenu mnaimba lugha gani? Nikamjibu Kiswahili, nikampa hotuba. Nikamwambia sisi ni makabila zaidi ya mia, na hatujachinjana kwa sababu ya kabila, na hiyo ni kazi ya Kiswahili. Nikamwambia mimi ni Mnyamwezi kwa baba, Mgweno kwa mama, mzaliwa wa Dar, na sijawahi siku moja kukosa kujua mimi ni nani. Nilisema hayo nimeshika mwiko.

"Na lugha ya mama yako?" akauliza.

"Lugha ya mama yangu ni Kiswahili!"

Alinitazama, akafunga dirisha taratibu. Yale niliyomwambia ni kweli, nayaamini hata leo. Ule msemo wa mwacha mila ni mtumwa mimi nilidhani unawahusu wanaojichubua ngozi. Sikujua mtu anaweza kuiacha mila bila kuondoka nyumbani, akiwa amekaa mezani na wazazi wake, anacheka.

Siku ya tamasha ilikuwa Jumapili, na mama mdogo naye alikuwa safarini Jumapili hiyohiyo. Alipanda basi alfajiri. Majira ya joto saa za Estonia na saa za Dar ni zilezile, kwa hiyo kwao ilikuwa mchana, kwetu Guangzhou jua limekwishazama. Ukumbi ulikuwa juu ya mgahawa kule Tianhe, harufu ya samaki wa mvuke inapanda ngazi. Wanawake walivaa sketi za sufu zenye milia, na Guangzhou ile ya joto, jasho linawatiririka, hakuna aliyevua. Jirani alikuwa ameniambia kila sehemu ya nchi yao ina milia yake, mtu akikuona sketi anajua bibi yako katoka wapi. Aliniambia nami nivae cha kwetu. Nikavaa kitenge. Nilikinunua Guangyuan Xilu, kwa laoban mmoja, mwenye duka, anayenipa bei ya jumla, na robota la vitenge vingine kama hicho lilikuwa tayari limeshapanda meli kwenda kuwa vazi letu la asili Kariakoo. Nilipokuwa nakifunga nilitaka kucheka, kicheko hakikuja.

Skrini ikawashwa. Mvua ilikuwa inanyesha kule kwao, watu wamejaa uwanja mzima na makoti ya plastiki, na kwaya mbele yao ni watu wengi kuliko nilivyowahi kuona wakiimba pamoja. Jirani yangu alisimama mbele yetu, akainua mikono, akasubiri hao wa kule waanze, nasi tukaingia nao. Sisi hatukufika hata hamsini, pamoja na waume wa Kichina waliokuwa wanafungua midomo tu. Lakini sauti zilikaa. Mzee mmoja pembeni yangu, fundi wa mashine, mtu wa kucheka na kunywa bia, alikuwa analia huku anaimba, hajifuti. Hakuna aliyemwangalia. Msichana aliyezaliwa hapahapa Guangzhou, Kichina kinamtoka kama maji, aliimba kila neno.

Nami niliimba. Sauti ya pili ilisimama kwa sababu yangu, hilo silionei haya kulisema. Tulipofika kwenye ule wimbo wa kuipenda nchi, machozi yakanitoka, na nilijua si kwa nchi yao. Wala si kwa nchi yangu. Nikiwa na Watanzania wenzangu hapa, tukiimba wimbo wa taifa, ubeti wa pili wengi tunamumunya, tunasubiri kiitikio, halafu tunakula pilau, na bado tunajuana. Taifa ninalo, halijanipotea. Nilikuwa namlilia mtu mmoja, yuko kitandani Tabata, anasema sentensi moja.

Simu ikatetemeka kwenye pindo la kitenge katikati ya wimbo. Nikatoka. Sikusubiri hata wamalize, niliwapita kwa mabega, nikasimama kwenye ngazi mahali wahudumu wa mgahawa wanapoweka makreti ya mboga.

"Dada, mama mdogo kafika," mdogo wangu akasema. "Hata maji hajanywa, nimemwingiza chumbani moja kwa moja. Ngoja niweke sauti ya nje."

Nikamsikia mama. Sentensi ileile. Halafu sauti ya mama mdogo ikamjibu kwa kikwao, polepole, na mama akacheka. Mama akacheka! Tangu aanguke sikuwa nimekisikia kicheko kile. Wakaanza kuongea, hili na lile, haraka haraka, mmoja anamkatiza mwenzake, na mama yule ambaye kwetu alikuwa amebaki na sentensi moja alikuwa na maneno tele. Nilimwonea wivu mama mdogo. Nasema kweli.

"Mama mdogo, shikamoo," nikapaza sauti. "Anasema nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hajambo, ananikumbusha mambo ya utoto, ya kuchunga mbuzi."

"Ile anayoirudia, mama mdogo. Anataka nini?"

"Anasema, niitieni watoto wangu."

Nikasikia mdogo wangu ameangua kilio. Miezi yote hiyo yuko pembeni ya kitanda, anamlisha, anamwogesha, anambadilisha shuka, na mama anamwomba yeye akawaite watoto wake.

"Mwambie tupo," nikasema. Sauti yangu ilikuwa inapanda, mhudumu mmoja akageuka kuniangalia. "Mwambie huyo anayelia ni mwanawe. Na mimi hapa kwenye simu ni mwanawe, mwambie ni mkubwa, wa kwanza. Mwambie tumeshakuja."

Mama mdogo akamwambia. Nilisikia anavyomwambia, kwa upole, kama anambembeleza, na nikasikia mama anasikiliza bila kumkatiza. Kisha mama akajibu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliongea kwa ile sauti yake ya heshima, ninayoijua vizuri, anayoiweka akiwa na wageni.

"Kasema nini?"

"Mwanangu, huyu ni mgonjwa."

"Mama mdogo, nakuomba. Kasema nini?"

"Anasema asanteni, mnamtunza vizuri, Mungu awabariki. Ila watoto wake, anasema, wao akiwaambia neno wanaelewa."