Mistari ya Apolot

Hapa Malaba, ukitaka karatasi ya hesabu ichapwe ikachapika, unaenda saiba ya Apolot, kile kiduka chake cha kompyuta. Mama huyu hana haraka na jambo lolote, lakini hesabu yake lazima ivae vizuri. Wengine wakirahisisha sehemu kwa kukata namba ya juu na ya chini, wanapiga mstari mmoja, basi. Apolot, wapi! Alikaa juma zima akiibembeleza kompyuta, akaiandikia amri yake mwenyewe: mstari mwekundu kwa mkato wa kwanza, wa bluu kwa wa pili, na kamshale kadogo ka kuonyesha kilichobaki. Walimu wakasifu. Na mgema akisifiwa, si mnajua? Akaongeza zambarau.

Kitabu cha majibu alichokichapa kwa mistari hiyo kikaingia shuleni kwa binti yake Aguti, aliye Fomu ya Nne. Apolot alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mtoto apate B ya hesabu, akasomee uuguzi.

Moku, ule mtihani wa majaribio, ikatoka. Aguti alikuwa na D. Apolot akafunga saiba, akaenda shuleni mdomo ukiwa tayari. Mwalimu Callistus wa hesabu hakubishana naye, alimpa tu karatasi ya mtoto.

Hesabu saba za kwanza, zote sawa. Zilizofuata, kweupe. Lakini hizo saba zilipendeza, jamani: kila mkato kwa rula, mwekundu, bluu, zambarau, na vishale vyake.

"Muda uliisha akibadilisha kalamu, mama," Mwalimu akasema. "Na si yeye peke yake. Karibu darasa lote linafikiri hiyo ndiyo sheria."

Apolot alitafuta wa kulaumu, akamkosa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alirudi saiba, akafuta ile amri na kuweka ya mstari mmoja mweusi, na kitabu kizima kikabadilika mara moja, kikawa kama vya watu wengine. Roho ilimuuma, tusidanganyane.

Aguti alipotoka shule alimkuta bado anaangalia skrini.

"Umeitoa, mama?"

"Nimeitoa. Kwani hukujua mstari mmoja unatosha?"

"Nilijua." Aguti aliweka mkoba chini. "Lakini darasa lote wanachora yako. Mimi nipige mmoja, waseme hata mtoto wako hakufuati?"

 Apolot alivuta kiti cha pili, akampa kalamu moja, wakaanza hesabu ya nane.