Aliyenifundisha Kumlisha Mbwa Mfupi

Habari ya msiba ilinikuta jikoni asubuhi ya Jumanne, nikitoa miba kwenye samaki wa kuchemsha kwa ajili ya mbwa. Simu ilitikisika mezani, na kwa kuwa mikono yangu ilinuka shombo niliiacha kwanza, nikamaliza samaki, nikanawa. Ujumbe ulikuwa mfupi: Bwana Mifugo wetu wa zamani amefariki nyumbani kwake Lipingo, mazishi ni kesho saa nane mchana. Niliketi. Nawaambieni ukweli, wasomaji wangu, jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa mjane wake wala watoto wake. Niliwaza: sasa nitampigia nani? Mbwa alikuwa miguuni pangu akisubiri mlo wake, nami nikamtazama kwa hofu ya mtu aliyeachiwa kitu asichojua kukitunza. Baadaye niliona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa, na safu hii haijawahi kuwa mahali pa kujipamba.

Mnaonisoma mara kwa mara mnajua kuwa mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikitoka nyumbani hurudi mara mbili kuhakikisha nimefunga mlango. Mtu wa namna hii hapaswi kukabidhiwa kiumbe, lakini nilikabidhiwa. Mtawa mmoja mzee wa Kigonsera, niliyefundisha naye kwa miaka mingi, alihamishiwa nchi ya mbali wakati mbwa wake ananyonyesha. Akaniletea mtoto mmoja ndani ya kikapu, wa majuma manane, wa aina ile ya Kijerumani iitwayo dakshundi: mgongo mrefu, masikio ya kuning'inia, na miguu mifupi hata tumbo linakaribia kufagia sakafu. "Mwalimu, wenzake wote wamekufa," aliniambia. "Amebaki huyu. Nikifika huko nitakuwa nauliza habari zake." Jirani yangu, mkulima wa kahawa, alikuja kumwona. Alimkagua kwa muda, kisha akauliza kama miguu iliyobaki italetwa baadaye. Alipomaliza kucheka alinishauri nimtilie pilipili kwenye ugali ili akue mkali. Ndivyo tunavyolea mbwa huku Mbinga: ukoko wa ugali, vichwa vya dagaa tuwaitao usipa, pilipili akianza kubweka, na mnyororo. Mbwa ni mlinzi, na mlinzi hapikiwi. Mimi nilimpikia wali kwa maziwa, tena wenye chumvi, nikadhani nimepita wote kwa huruma.

Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Nyuma ya nyumba yangu kuna vichanja vya kuanikia, vya chini kiasi kwamba mbwa wa kawaida hajisumbui kupita chini yake. Wangu alipita amesimama wima, akakuta buni mbivu zilizodondoka, akaanza kuzila. Nilimwona. Sikumzuia, nilicheka, na nikampiga picha nimtumie yule mtawa. Sisi tuliokulia kwenye mibuni tulinyonya utamu wa maganda yale tukiwa watoto na hayakutudhuru, ila sisi tulitema kokwa. Yeye alimeza. Haikupita saa nzima akaanza kuzunguka chumba bila kutulia, akihema, mate yakimtoka, na nilipomshika kifuani moyo wake ulikuwa ukienda mbio kiasi cha kunitisha. Nilimpigia simu Bwana Mifugo, aliyekuwa amestaafu lakini bado akiishi hapa mjini. Tulifahamiana kwa salamu za kanisani tu. Alifika kwa pikipiki na mabuti yake ya mpira, mkoba begani.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Habari za mgonjwa?"

"Nzuri tu, Mzee."

Alisimama. Akaurudisha begani mkoba aliokuwa ameanza kuushusha. "Kama ni nzuri, basi mimi narudi nyumbani kwangu. Mwalimu, salamu tumeshamaliza. Sasa niambie. Amekula nini?"

"Wali na maziwa."

"Na nini tena?"

"Ni hivyo tu, Mzee."

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu mtu mzima, mwalimu, mwandishi wa gazeti, angesemaje kwamba alimtazama mtoto wa mbwa akila sumu na kucheka? Naye hakubishana nami. Aliingia jikoni, akafunua sufuria, akaonja ule wali na kukunja uso kwa chumvi. Akatoka nyuma, akatazama vichanja, akarudi akamtazama yule mbwa na miguu yake. "Mimi si padri, sikuungamishi," alisema taratibu. "Lakini kila dakika unayoificha wewe, anailipa yeye." Ndipo nikasema: kahawa, Mzee, nilimwona kwa macho yangu. Hakunikaripia. Aliuliza ni muda gani umepita, akamchoma sindano, na muda si muda mbwa akatapika maganda mekundu na kokwa nzima nzima. Akamnywesha mkaa wa dawa uliokorogwa kwenye maji, akafunga mapazia, akaniamuru nizime redio. Tuliketi sakafuni, yeye akiwa na vidole viwili kwenye paja la mbwa akihesabu mapigo. Mimi nilimwomba Mungu kwa jambo ambalo ningeona aibu kulitaja mbele ya watu. Ilipofika saa tisa alasiri mapigo yalikuwa yameshuka, na mbwa akalala usingizi wa kawaida.

Katika kungoja huko ndipo aliponifundisha. Mtoto wa mbwa wa umri ule ale mara nne kwa siku, kidogo kidogo, kikombe cha chai kisichojaa. Samaki au nyama ya kuchemsha isiyo na mfupa wala mwiba, iliyochanganywa na ugali laini au wali, maini kidogo mara moja moja. Asipewe chumvi wala kitunguu, na kahawa asiione kabisa. Maji safi yawepo muda wote. Asinenepe, maana mgongo mrefu namna ile hauwezi kubeba tumbo. Mbavu zake nizisikie kwa vidole ingawa sizioni kwa macho. Asiruke kutoka kitandani. Nikimwinua nitumie mikono miwili, mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio. Niliyaandika yote nyuma ya kalenda, naye akaniambia niandike kwa herufi kubwa, kwa kuwa mtu mwenye hofu hasomi vizuri.

Kisha akanisimulia kuhusu kazi yake. Yeye ni mtu wa ziwani, lakini alifanya kazi milimani kwa zaidi ya miaka thelathini. Siku moja aliitwa kwa haraka kijijini Kingerikiti. Mwenye nyumba akampokea, akampa kiti, akauliza habari za safari, za mama watoto, za mvua. Akajibiwa, naye akaulizwa, akasema kwake ni kwema, wote wazima. Likaja hindi la kuchoma. Bwana Mifugo alikuwa amefika nusu ya hindi aliposikia kwamba nguruwe wawili wamekufa tangu jana na wa tatu amelala bandani. "Heshima yetu imeua mifugo mingi kuliko kupe," aliniambia. Hakuwa mtu wa dharau, na alisalimia kila mtu kwa ukamilifu. Ila alisema kwamba mnyama hawezi kusema, na binadamu anayemsemea anaanza kwa kusema nzuri, na kati ya hao wawili mganga anabaki kubahatisha. Nimelifikiria sana neno hilo. Tumelelewa kujibu nzuri hata paa likivuja, na anayejibu vinginevyo anaonekana analalamika au anaomba. Ni adabu iliyotusitiri katika shida nyingi, siibezi. Lakini siku hizi jirani hapiti tena jioni kuona kama moshi unatoka jikoni kwako. Anapiga simu, na kwenye simu hakuna uso wa kukanusha kinachosemwa.

Baada ya mavuno alihama, akarudi kwao Lipingo. Nilimpigia karibu kila juma, wakati mwingine mara mbili. Mbwa amekataa uji. Mbwa amekula soksi. Kinyesi ni cha kijani. Nilikuwa naanza na shikamoo, habari za huko ziwani, naye anasema nzuri, kisha mara moja: "Anakula?" Sikumkuta hata siku moja amechoka na maswali yangu. Mwezi uliopita sauti yake ilikuwa chini na majibu yalichelewa kufika. Nikalaumu mtandao, nikamwambia apande mahali penye mawimbi mazuri ya simu. Akasema sawa, nimngoje kidogo. Nilisikia kitu kama kitanda kikilia, kisha akarudi na kunieleza kwa utulivu namna ya kupunguza kutoka milo mitatu hadi miwili.

Nilikwenda kuzika. Msibani nilimpa pole mjane wake, nikajitambulisha. "Ndiye wewe mwenye mbwa mfupi?" aliuliza. "Simu yako ikiita alikuwa ananiambia nimwinue. Hakutaka kuongea nawe amelala." Niliuliza aliumwa tangu lini. Akaniambia tangu walipohama, tumbo, na kwamba miezi miwili ya mwisho alikuwa akinywa uji mwepesi tu, na hata huo haukukaa. "Hakukuambia?"

"Hapana, Mama. Kila nilipompigia nilimuuliza habari, akasema nzuri."

"Alimwambia kila mtu hivyo," alisema. "Hata daktari, siku za mwanzo. Tulipokuja kujua, tulikuwa tumeshachelewa." Hakunilaumu. Alinishika mkono, akauliza kama mbwa hajambo, na mimi nikashindwa kulitamka jibu lililozoeleka.

Basi somo ni hili, na nalitoa nikiwa sina haki ya kulitoa. Yupo mtu unayempigia simu ukiwa na shida, ambaye hupokea kila mara na hujua la kufanya. Mpigie leo ukiwa huna shida. Muulize hali yake. Akikwambia nzuri, usikubali upesi. Muulize ameshinda na nini, amelalaje, halafu nyamaza umsikilize. Nilikuwa na miezi mizima ya kufanya hivyo, na simu mkononi. Nilimuuliza juu ya mbwa mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Yeye nilimuuliza mara moja kila simu, na sikuwahi kurudia.